Zege Halilali, Hata Likishamwagwa

Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya mafundi ujenzi na watu wanaojijengea nyumba. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, habari za kazi. Akina mama mliobanana karibu na feni, nawaona, wala siwalaumu. Joto la Tanga mwezi wa pili halimbembelezi mtu.

Nimeombwa nizungumze juu ya zege. Vijana wa pale mlangoni wameshacheka, nadhani wamekumbuka chipsi mayai. Zege hilo waulizeni wenyewe. Mimi nalijua hili la saruji, mchanga, kokoto na maji, na nimelijua kwa kulivunja. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa maabara: naweka mchemraba wa zege kwenye mashine, naubana mpaka upasuke, naandika namba, naleta mwingine. Ukivunja kitu kila siku, mwisho unajua mahali ambapo aliyekitengeneza alifanya haraka.

Sote tunaujua msemo wa "zege halilali". Ulitoka saiti ukaingia mtaani, na siku hizi hata kijana anayefukuzia mchumba anasema zege halilali. Saiti maana yake iko wazi: likishachanganywa lazima limwagwe siku hiyo hiyo, jua lizame lisizame. Na mafundi mnauheshimu msemo huu. Sijaona fundi wa maana aliyeacha zege bichi akaenda kulala. Ugomvi wangu ni kwamba tunauacha msemo njiani. Zege likishamwagwa na kusawazishwa, watu wakanawa miguu na kulipwa, kila mmoja anahesabu kwamba kazi imekwisha. Zege lenyewe ndiyo kwanza limeanza. Halitakiwi kulala usiku huo, wala wa pili, wala wa saba.

Nikimuuliza fundi, "Slebu imefikia wapi?" ananijibu, "Inakauka." Neno hilo ndilo linalotuponza. Nguo inakauka. Ng'onda anakauka. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Ingekuwa hivyo, nguzo za gati na za madaraja zinazomwagwa chini ya maji zingekuwa uji mpaka leo.

Kinachotokea ni hiki. Punje ya saruji ikikutana na maji, ngozi yake inayeyuka kidogo kidogo na kuotesha kitu kama utomvu mzito, tuuite jeli. Jeli hiyo inajaza nafasi iliyokuwa ya maji kati ya punje na punje, inashika mchanga, inashika kokoto, na inaendelea kukaza siku hadi siku. Pembeni yake inazaliwa chokaa, nitairudia baadaye. Kazi yote hii inafanyika palipo na maji tu. Mmarekani mmoja, T. C. Powers, aliyekuwa mtafiti wa Portland Cement Association, chama cha watengeneza saruji, alionyesha mwaka 1947 kwamba unyevu wa ndani ya vijitundu vya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, saruji karibu inaacha kufanya kazi. Haijafa, maana ukiirudishia maji inaamka na kuendelea. Imelala. Kwa hiyo zege linalala, ndugu zangu, na anayelilaza ni sisi.

Kuna fundi mmoja, mtu mzima, aliwahi kunibana kwa hesabu mbele ya watu. Alisema, "Mtaalamu, wewe mwenyewe umetufundisha kwamba mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 11 na nusu za maji ili saruji yote ifanye kazi. Sisi tunaweka 25, wengine wanaweka 30. Maji yamejaa humo ndani mara mbili. Ya nini kumwagilia tena?" Watu wakapiga makofi. Na swali lilikuwa zuri, kuliko majibu mengi niliyowahi kusikia.

Nikamwambia hesabu yake ni sawa ila haijaisha. Zile lita 11 na nusu ndizo zinazoungana na saruji zikawa jiwe. Lakini jeli nayo ina vijitundu vyake vidogo mno, inanyonya maji mengine kama lita 9 na nusu na kuyakumbatia, hayaachii. Jumla lita 21. Ukiweka 25, akiba yako ni lita 4 kwa mfuko. Sasa chukua slebu ya mita 10 kwa 10, unene sentimita 15. Hiyo ni mita 15 za ujazo, na kwa mchanganyiko wa mifuko 7 kwa kila mita, ni mifuko 105. Akiba yote ya slebu nzima ni lita 420. Siku ya jua kali na upepo wa kaskazi, zege bichi lililoachwa wazi linaweza kupoteza lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa moja. Slebu yetu ina mita za mraba 100. Fundi wangu alipiga hesabu mwenyewe kimya kimya: ndani ya saa nne na kidogo, akiba imeruka. Ni kweli kasi hiyo hupungua juu pakishakauka, lakini juu pakishakauka hasara imekwisha kuingia.

Na asije mtu akasema, basi niongeze maji kwenye mchanganyiko. Mtafiti wa zege, Duff Abrams, alilimaliza jambo hilo mwaka 1918 kule Chicago: kadiri maji yanavyozidi saruji, ndivyo zege linavyodhoofika, kwa sababu kila tone lisilotumika linaacha tundu. Maji ya kuchanganyia na maji ya kulea ni maji mawili tofauti. Ya kwanza lipe zege kwa kipimo, ya pili lipe mpaka useme basi. Mimi huita kulea, mafundi wengi mnasema kumwagilia. Kumwagilia ni njia moja tu ya kulea, nitaeleza.

Hasara ni kiasi gani? Kuna majaribio mashuhuri ya Walter Price, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1951. Mchanganyiko ule ule, saruji ile ile. Vipande vilivyowekwa kwenye unyevu muda wote vikawa na nguvu, baada ya miezi sita, karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa kwenye hewa kavu tangu siku ya kwanza. Vilivyopata unyevu siku saba tu, kisha vikaachwa, vilikuwa juu sana kuliko hivyo vikavu. Mnaona wiki ile moja inavyobeba. Kawaida zege lililolelewa likifika siku ya saba huwa na kama theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28.

Hapa lazima niwe mkweli, maana kuna mafundi humu watasema, "Mimi nimejenga miaka 20 bila kumwagilia na hakuna nyumba iliyoanguka." Ninawaamini. Vipande vya majaribio ni vidogo, vinakauka mpaka moyoni. Boriti nene au nguzo nene inatunza maji yake katikati, moyo wake unaendelea kukomaa hata ukiisahau. Majengo yanayoanguka huwa na dhambi nyingine kubwa zaidi: nondo pungufu, udongo mbovu, ghorofa za kuongezea. Kunyima zege maji huua ngozi kwanza, sentimita mbili au tatu za nje. Na kwa mtu wa pwani, ngozi hiyo ndiyo kila kitu.

Nianze na ngozi ya sakafu, kwa sababu aibu hiyo ni yangu. Mwaka niliomjengea mama jiko nilikuwa tayari nafanya kazi maabara, nina kofia na daftari. Tulimwaga jamvi Jumamosi asubuhi, mchana tukaondoka wote kwenda harusini Muheza. Tumerudi Jumatatu, jamvi jeupe, limenyooka, nikalipiga picha. Miezi mitatu baadaye mama akaniambia, "Mwanangu, hii sakafu yako mbona kila nikifagia haiishi?" Kila asubuhi alikuwa anazoa unga wa kijivu. Milimita za juu zilikauka jua la Jumamosi ile ile, punje za saruji zikabaki punje, na kila ndala iliyopita ilizichimbua. Miaka yote aliyotumia jiko lile alifagia saruji niliyoinunua kwa mshahara wangu. Mwisho niliweka vigae, na kila nikiviona nakumbuka pilau ya harusi.

Unga wa sakafu unafagilika. Nondo haifagiliki. Sasa tuje kwenye bahari.

Ile chokaa niliyosema inazaliwa ndani ya zege ndiyo mlinzi wa nondo. Inalifanya zege liwe kali kama magadi, kipimo cha ukali huo, yaani pH, kama 13, na chuma kikiwa humo kinajivika ngozi nyembamba isiyoonekana ambayo kutu haiipiti. Maadui wa mlinzi huyu ni wawili. Wa kwanza ni hewa yenyewe. Kaboni dioksaidi inapenya taratibu, inaigeuza chokaa kuwa mawe ya chokaa, na ukali unashuka mpaka chini ya 9. Wa pili ni chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na upepo wa kusi unaipeperusha mpaka kwenye kuta ambazo haziwezi hata kuiona bahari. Kloraidi ya chumvi hiyo ikifika kwenye chuma inaitoboa ngozi ile ya kinga hata kama chokaa bado ipo. Kutu ikianza, inataka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma iliyokila. Haiombi, inapasua. Ndiyo ile mistari mirefu mnayoiona chini ya baraza za zamani, kisha zege linadondoka vipande na nondo inachungulia.

Maadui wote wawili wanapita mlango mmoja, vijitundu vya ngozi. Zege lililolelewa, jeli imejaa kwenye vijitundu na njia zimekatika. Zege lililolala mapema, njia ziko wazi kama barabara ya vumbi. Na mwendo wa hewa humo una kanuni yake: kina kikizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Hewa ikitumia miaka 5 kupenya milimita 10, itatumia miaka 20 kufika milimita 20. Kwa hiyo fundi aliyeinua nondo kwa biskuti, kile kipande cha zege kinachoitenga nondo na ngozi, ya sentimita mbili mahali palipotakiwa nne, hajapunguza umri wa jengo kwa nusu. Ameacha robo.

Kuna dawa moja tunaitumia, inaitwa fenofthalini. Unabandua kipande cha zege la zamani, unalipulizia hapo hapo. Palipo na uzima panageuka rangi ya waridi iliyokolea, palipokwisha hapabadiliki. Nimewahi kuipulizia nguzo mbili za jengo moja, umri mmoja, fundi mmoja. Moja ilimwagwa siku za masika, nyingine kiangazi. Ile ya masika ilianza kuonyesha waridi karibu na juu kabisa, na ile ya kiangazi tulichimba mpaka tukaikuta nondo kabla ya rangi. Mvua ilifanya kazi ya kibarua ambaye hakuna aliyemlipa.

Niseme jambo la pembeni, halafu nirudi. Pale Tongoni, hapo kusini mwa mji wetu, kuna magofu ya msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Chokaa ile ilichomwa kwa kuni, ikazimwa kwa maji, na baada ya kujengewa ikakomaa kwa kunywa hewa, hiyo hiyo kaboni dioksaidi, mwaka baada ya mwaka. Hewa iliyowaimarishia wale ndiyo inayotuharibia sisi. Tofauti ni nondo. Wao hawakuwa na chuma cha kulinda, kwa hiyo walikuwa na raha ya kungoja. Sisi tumeweka chuma ndani ya jiwe karibu na bahari, tukajiwekea saa inayohesabu.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo, mbona michemraba ya saiti inafaulu? Swali hili liliwahi kunikosesha usingizi. Mchemraba wa milimita 150 wa zege la daraja la 25, yaani la kubeba niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, unatakiwa ubebe kama tani 57 kabla ya kupasuka, na mingi inabeba. Lakini angalieni maisha yake. Siku ya pili unatolewa kwenye kasha lake, unapelekwa maabara, unatumbukizwa kwenye tangi la maji ya nyuzi 20, unakaa humo mpaka siku ya 28. Haujui jua, haujui upepo. Ni mtoto wa bweni anayekula kwa kengele. Ndugu yake aliyebaki kwenye slebu amenyimwa maji tangu usiku wa kwanza. Mchemraba hausemi uongo, unasema habari zake mwenyewe. Unakuambia zege lako lingeweza kuwa nini. Ukitaka kujua limekuwa nini, acha michemraba mingine pale pale juu ya slebu, ipigwe jua lile lile, kisha uniletee yote niivunje pamoja.

Kuna wanaofurahia joto. Wanasema zege la kiangazi linakaza haraka, kesho yake unapanda juu. Kweli linakaza haraka. Lakini mkungu wa ndizi uliovundikwa nao huiva haraka, na hakuna mtu wa Lushoto atakayekuambia ladha yake ni ile ya uliokomaa shambani. Saruji kwenye joto kali inaotesha jeli kwa pupa, inajirundika kuzunguka punje kama ganda gumu, na mbali kidogo na punje nafasi zinabaki wazi. Wiki ya kwanza linawashinda wenzake, mwezi wa tatu wenzake wamelipita. Viwanda vinavyolea nguzo na mabomba kwa mvuke vinalijua hili, ndiyo maana vinapandisha joto polepole na kuogopa kuvuka nyuzi 70, maana juu ya hapo zege linaweza kuja kuvimba na kupasuka miaka kadhaa baadaye. Wale waliojenga bwawa la Hoover Marekani, mwaka 1933 hadi 1935, walilaza ndani ya zege zaidi ya kilomita 900 za mabomba na kupitisha maji baridi, kwa sababu zege nene hujipasha joto lenyewe. Sisi hatuhitaji mabomba. Tunahitaji kumwaga alfajiri au jioni, kuweka kokoto kivulini, na kulowesha ardhi na mbao kabla, ili zisilinyonye zege kutoka chini.

Haya, namna ya kulea. Saa za kwanza zina hatari yake peke yake. Zege likishasawazishwa linatoa jasho juu, mnaliona linang'aa. Jua na upepo vikilikausha jasho haraka kuliko linavyopanda, ngozi inajikunja na kupasuka nyufa fupi fupi, wakati zege bado laini. Nyufa hizo fundi huzifuta kwa mwiko na kusema zimekwisha. Zimefunikwa tu. Hapo usimwage ndoo ya maji, utaosha saruji yote. Tandika nailoni, au nyunyiza ukungu mwembamba sana, au weka kizuizi cha upepo. Likishashika kiasi kwamba kidole hakiachi alama, hapo ndipo maji yanaanza, na mara nyingi hiyo ni jioni ile ile. Tabia yetu ya kungoja "kesho asubuhi" kwa zege lililomwagwa saa nne asubuhi inalinyima maji katika mchana ule ambao linayahitaji kuliko siku zote.

Kwa slebu, hakuna kinachoshinda bwawa. Zungushia matuta ya udongo, jaza maji sentimita mbili. Kwa slebu ile ya mita za mraba 100 ni lita 2,000, matangi mawili ya lita 1,000, kisha unaongeza yanayopotea. Asiye na maji ya hivyo, tuna bahati gani sisi watu wa mkonge! Gunia la katani likiloweshwa na kufunikwa nailoni juu yake linakaa na unyevu mchana kutwa. Gunia bila nailoni saa saba limekuwa kavu na linaanza lenyewe kunyonya maji ya zege. Mchanga uliolowa unafaa pia. Kumwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni ni bora kuliko kutofanya kitu, ila kati ya hapo zege linalala na kuamka, linalala na kuamka, na kila mara linaamka zito zaidi. Kuna dawa za kupuliza zenye nta, zile nyeupe, zinafunga ngozi maji yasitoke. Nzuri kwa barabara na viwanja vikubwa, lakini usizipulizie mahali utakapopiga lipu au kubandika vigae, havitashika.

Nguzo, jamani. Nguzo ndizo zinazobeba nyumba na ndizo zinazonyimwa maji kuliko vyote, kwa sababu maji hayasimami juu yake. Mbao zinabanduliwa kesho yake ziende nguzo nyingine, na nguzo changa inabaki uchi pande zote nne. Mkibandua, iviringisheni gunia lililolowa, kisha nailoni, kisha kamba. Dakika kumi kwa nguzo.

Maji yenyewe yawe ya kunywa au karibu na hayo. Najua visima vya ufukweni vina chumvi na maji ya bomba yana siku zake. Lakini kulea zege lenye nondo kwa maji ya chumvi ni kumkaribisha adui sebuleni kabla hata hajabisha. Kwa sakafu isiyo na chuma sitakugombeza sana.

Na someni mifuko. Yenye herufi za saruji iliyochanganywa na pozolana, majivu ya volkano, ni saruji nzuri sana kwa pwani, kwa sababu pozolana inaila ile chokaa ya ziada polepole na kuotesha jeli nyingine inayoziba njia za chumvi. Polepole, nimesema. Ukiilea siku tatu umenunua faida ukaiacha dukani. Kwa saruji ya kawaida mimi nasema siku saba bila kupungua. Kwa hii nasema 14.

Matofali nitayapitia haraka maana wenye viwanda vya mtaani wananiangalia vibaya. Tofali limetoka kwenye mashine asubuhi, limeanikwa juani, siku ya tatu liko kwenye gari la mteja. Mteja naye analigonga kwa kucha, linamong'onyoka, anashusha bei, na mwenye kiwanda anapunguza saruji ili afidie. Kivuli na maji ya wiki moja vingewapatanisha.

Nimekaa na mafundi vya kutosha kujua kwamba mengi ya haya mnayajua. Basi kwa nini hayafanyiki? Jibu nililolipata halina uhusiano na kemia. Fundi analipwa kwa kumwaga. Siku ya pili yuko saiti ya mtu mwingine. Mwenye nyumba anaishi mbali, au yuko kazini, au anadhani fundi atakuja. Mlinzi wa saiti anadhani si kazi yake, na kweli hakuna aliyemwambia. Kwenye karatasi ya makubaliano kuna mstari wa saruji, wa nondo, wa mbao, wa chakula cha vibarua siku ya kumwaga. Mstari wa kulea haupo. Wekeni mstari huo. Andikeni jina la mtu, siku saba au 14, maji yanatoka wapi, magunia mangapi, na malipo yake yatoke siku ya mwisho, mwenye nyumba akikuta zege limelowa. Mwenye nyumba ukimwomba fundi apunguze gharama na yeye akaufuta mstari huo, jua kwamba hajapunguza, amekukopesha, na wa kukudai ni bahari.

Baada ya hapo nilipokea maswali. La mwisho lilitoka kwa mama mmoja wa pale kwenye feni. Linta ya nyumba yake ilimwagwa juzi mchana, fundi hajarudi, na hakuna aliyeigusa kwa maji. Aliuliza kama amekwisha kuchelewa. Nikamwambia siku mbili hizo hatazipata zote, ila saruji yake imelala tu, ikilowa leo itaendelea kesho. Mbao za pembeni asiruhusu zibanduliwe wiki hii, azimwagie maji mpaka zivimbe, na juu atandike magunia na nailoni. Akauliza magunia mangapi. Tulikuwa bado tunahesabu urefu wa kuta zake, chumba kwa chumba, chai ilipoletwa, naye akafunga kanga yake akasema yeye hanywi, jua limeshapanda.